Chumvi ya Mkesha wa Krismasi

Alhamisi, 5 Desemba 1974
Daktari Hrubeš aliniita peke yangu. Mke wangu Vlasta akabaki nje kwenye benchi, mkoba mapajani. Ini lake, halina tiba. Pasaka pengine ataiona, pengine hataiona.
Akasema mgonjwa asiambiwe, ndivyo wanavyofanya hapa mjini Brno. "Si wewe mwigizaji, bwana? Igiza."
Nikatoka nikitabasamu. Nikamwambia Vlasta ni nyongo tu, apunguze mafuta. Akasema afadhali, alidhani ni jambo kubwa. Mungu nisamehe.

Jumamosi, 14 Desemba
Ukumbi ulijaa pomoni. Wamedai tena kile kichekesho cha chumvi — kila Desemba hicho hicho! Nilikiandika zamani, kumtania Vlasta. Kwao, mkesha wa Krismasi hakuna kuinuka mezani. Anayeinuka kabla wote hawajamaliza kula, Krismasi ijayo hatakuwepo. Yeye anaamini kabisa. Mimi nikaifanyia mzaha desturi hiyo: familia imekaa, supu haina chumvi, chumvi iko kabatini, nani aifuate? Babu anambembeleza mkwewe: "Nenda wewe, mwanangu, wewe umeshakula vya kutosha duniani."
Watu hoi kwa kicheko. Zbyněk, mwenzangu wa jukwaani, akaninong'oneza: unaruka maneno, mzee, una nini? Mafua, nikasema.
Marehemu baba alikuwa kinyozi. Alinifukuza dukani kwa sababu niliwachekesha wateja wakakatwa masikio. Angeniachia wembe tu, ningekuwa na kazi ya kunyamaza.

Alhamisi, 19 Desemba
Nimemsomea Vlasta kichekesho kipya. Ndivyo tulivyo tangu tuoane: mimi nasoma, yeye anamenya viazi. Kisu kikisimama, kichekesho kinafaa.
Leo hakikusimama. "Unaandika kama mtu mwenye hofu," akasema. Viazi viwili tu, akachoka.

Jumatatu, 23 Desemba
Samaki wa chakula cha kesho anaogelea kwenye bafu, kama katika nyumba zote za mtaa huu. Nilitaka kusaidia kupika, akanifukuza kwa mwiko. "Toka! Ukiingia jikoni kwangu watu watasema nakufa!" Akacheka. Nami nikacheka — kile kicheko cha kazini.

Jumanne, 24 Desemba
Upesi upesi. Tulikaa wawili mezani, na sahani ya tatu ya mgeni wa ghafla, kama ilivyo desturi. Nilisogeza kila kitu karibu naye asipate sababu ya kuinuka: mkate, maji, leso, dawa. Supu ya samaki alikunywa vijiko vichache. Mara nikaona mikono yake imeshika ukingo wa meza. Anainuka!
Sikufikiri. Nikaruka mimi kwanza, kiti kikaanguka.
"Naleta chumvi!"
Kumbe alikuwa anajiweka sawa tu kitini. Akanitazama mimi, akatazama kiti. Mimi niliyeicheka desturi ya kwao maisha yangu yote. Hakucheka.
"Evžen. Daktari alikwambia nini?"
Nimekimbilia jikoni. Naandika kwa penseli, nimesimama. Maneno yote niliyowahi kuandika, hata moja haliji! Naogopa. Nampenda, naogopa. Namsikia anaweka kijiko chini.
"Mzee wangu," anaita, taratibu. "Rudi ukae. Chumvi iko hapa mezani."