Tiki Zenye Mkia Mrefu

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na masomo ya chuo yanakwenda vizuri. Huku nyumbani hatujambo. Kikohozi cha Baba kimekwisha, siku hizi anakohoa tu Mama anapomtuma dukani. Mama anauliza kama lile sweta linakutosha. Mimi pia ni mzima, wa mwili. Katika barua yako uliniomba nikusimulie habari za shule bila kuzipamba, kwa kuwa hapo chuoni mnajifunza jinsi ya kumtia moyo mwanafunzi aliyekata tamaa. Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo nikiyafikia mkono utakuwa mzito.

Tangu uondoke, darasani kwetu tunapangwa kwa alama. Kila baada ya mtihani tunahamisha madawati. Wa kwanza wanakaa dirishani, karibu na meza ya mwalimu, na wa mwisho wanakaa mlangoni. Mstari wa mlangoni tunauita Kwaheri. Mimi nimekaa dirishani tangu mwaka jana, na sitakudanganya, nimepapenda.

Kwenye mstari wa Kwaheri kuna msichana tunayemwita Kifutio. Mama yake anafua mashuka hospitalini. Jina hilo alilipata kwa sababu anafuta kila anachoandika, hata kilicho sahihi, mpaka karatasi inatoboka. Kuna waliomwomba daftari lake wakachekechee unga. Akawajibu kwamba unga wa kwao una mawe, litachanika bure. Kwa jibu hilo nikampenda.

Mwanzoni mwa muhula mwalimu wa hesabu alianzisha mpango wake. Kila mmoja wetu wa dirishani alipewa mtu mmoja wa Kwaheri, amfundishe baada ya vipindi, na kila Ijumaa amsahihishie jaribio la maswali kumi. Mwalimu alitaka tuwe tunamtajia jumla tu. Alisema yeye ana madarasa matano na macho mawili. Mimi nikapewa Kifutio, ambaye katika mtihani uliotangulia alikuwa amepata nne kwa mia.

Jaribio la kwanza alipata moja kwa kumi. La pili, moja tena. Aliniambia niiandike tu bila kumwonea haya, maana yeye na hiyo moja wamezoeana, hata wakikutana njiani watasalimiana. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumatatu huenda asije, na pengine Jumanne pia, kwa sababu hospitalini wanatafuta msichana wa kukunja mashuka.

Jaribio la tatu, daftari lilisema nne. Dada, ungeuona uso wake. Alilitazama, akalifunga, akalifungua tena kana kwamba namba ingeweza kutoroka. Jumatatu alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua geti. Wiki iliyofuata ikawa tano, halafu sita, mpaka tukafika nane, na nane ikakaa. Habari za mashuka zikaisha. Hata wakati wa mapumziko nilimkuta akipiga hesabu kwa kidole juu ya sketi yake. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa tukampigia makofi. Mimi alinipa kalamu yake mwenyewe nyekundu, akasema naona utakuwa mwalimu kama dada yako.

Katikati ya muhula mwalimu mkuu aliwaita wote wa Kwaheri akawapa nafasi ya kuhamia darasa la ushonaji. Aliwaambia wazi kwamba atakayekataa cherehani ni lazima apate thelathini kwenye mtihani mkuu wa hesabu, la sivyo ataondoka shuleni. Kifutio alinijia mimi kabla ya kumwambia mama yake. Aliniuliza kama kweli ataweza. Nikamwambia ataweza. Akakataa cherehani. Mwenzake wa dawati alikikubali, naye sasa anashona mikono ya sare na amenenepa kwa furaha.

Matokeo ya mtihani mkuu yamesomwa Jumatano hii. Kifutio amepata kumi na tisa.

Mmoja akasema kwa sauti kwamba Kifutio amefutwa. Darasa likacheka, na mwalimu alichelewa kutunyamazisha. Yeye hakulia. Aliiacha karatasi juu ya dawati, akachukua mkoba, akatoka. Kutoka pale alipokaa hadi nje hakuwa na hatua nyingi za kupiga.

Jioni ile mama yake alikuja kwetu, vidole bado vimekunjamana kwa maji. Alilifungua daftari la binti yake mezani na kumwonyesha Mama zile nane, moja baada ya nyingine. Alisema yeye hesabu hazijui, ila anajua mtu anapoonewa. Mtoto hawezi kupata nane kwa kumi mwezi mzima halafu apate kumi na tisa kwa mia, lazima mwalimu amempunja. Mwalimu mkuu amesafiri hadi Jumatatu ya tarehe 23, na siku hiyo mama huyo ataingia ofisini kwake na lile daftari. Mama akampa pole, akamwambia usiende peke yako mwenzangu, binti yangu ndiye aliyesahihisha, atakuwa shahidi wako. Wote wawili wakanitazama. Nami nikaitikia, Dada. Nikasema ndiyo, Mama.

Sasa nimefika pale nilipokwambia.

Ile nne ilikuwa moja. Nilikuwa na karatasi ya majibu mkononi, nikaiona ile moja, nikayafikiria mashuka, nikapiga tiki tatu za uongo. Nilijiambia ni mara hii tu. Lakini wiki iliyofuata ningemshushaje? Mwalimu hakuomba kuliona daftari hata siku moja. Aliuliza jumla, nikamtajia. Na makofi yalipopigwa niliyafurahia, nikaiweka ile kalamu kwenye mfuko wa mbele ionekane.

Linaloniuma kuliko uongo wenyewe ni kwamba kosa nililolipigia tiki sikuweza tena kulifundisha. Alijumlisha nusu na theluthi, juu kwa juu na chini kwa chini, akapata mbili juu ya tano. Nikampa tiki. Ile karatasi aliyoiacha dawatini niliichukua mimi. Hesabu za sehemu amezifanya zote namna ile ile, kwa mwandiko ulionyooka, na hakuna alipofuta. Karatasi nzima ni safi. Kwa mara ya kwanza ameamini alichoandika, na imani hiyo nilimpa mimi.

Halafu kuna hiyo kumi na tisa. Ametoka nne akafika kumi na tisa katika muhula mmoja, na hizo hakupewa na mtu. Ni jasho lake. Kama angekuwa anajua alipo, angeweza kuchukua cherehani bila kinyongo, au angekataa huku akijua, na hizo kumi na tisa angezipeleka nyumbani akiruka. Lakini nilikuwa nimempandisha kwenye nane, kwa hiyo amezipokea kama tusi.

Sitamwacha mama yake afike ofisini na lile daftari. Jumapili ya tarehe 22 nitakwenda kwao, nimwambie Kifutio kwanza, kisha mama yake, kisha Mama yetu. Jumatatu nitamrudishia mwalimu kalamu yake. Ningekwenda kesho, ila nataka pia kumwambia Kifutio kwamba mtu aliyetoka nne akafika kumi na tisa anaweza kufika thelathini. Ataniuliza nimejuaje. Nilikuwa nimepanga kumjibu kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa wa mwisho, mwaka ule nilipougua nikiwa darasa la tatu, na dada yangu akanifundisha jikoni mpaka alama zikapanda wiki hadi wiki.

Alhamisi nimelitoa sandukuni daftari langu la mwaka ule. Tiki zako zina mkia mrefu unaotoka nje ya mstari. Ndizo nilizoiga. Kwenye ukurasa wa sita uliniandikia tisa kwa kumi. Saba mara nane nilijibu hamsini na nne, na ukanipa tiki. Ukurasa wa saba sijathubutu kuufunua.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na jirani wa chumba cha pili anakukumbusha kitambaa chake. Nisalimie wenzako wote wa bwenini. Tafadhali nijibu siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii, jibu linifikie kabla sijakwenda kwa Kifutio. Siku ile ulikuwa umechoka na kupika, Dada, au ulijua?

Ni mimi mdogo wako,
wa dirishani