Machozi Niliyosema Nimeyaona

Chilangala, Newala
Mwezi wa jua kali, mvua bado

Kwa dada yangu Mama Filipo, huko Chiungutwa,

Shikamoo dada. Najua umekwisha kuitika, hata kabla Filipo hajamaliza kukusomea neno lenyewe. Mgongo umepoa? Muhogo umepata kukauka, au nguruwe wamekula wote shambani? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, na nguvu ninazo. Juzi tu nimeangusha mti uliowashinda vijana wawili, wakakaa chini wakinitazama kama wanatazama mashine ya reli. Agnesi mke wangu hajambo, watoto hawajambo. Kama habari zingekuwa hizo tu, ningeifunga barua hapa. Lakini dada, nimekwama. Nimekwama kama panya aliyeingia mtungini kufuata mtama, akala, na sasa tumbo limekuwa kubwa kuliko mdomo wa mtungi. Filipo, hapa soma polepole, na usicheke mbele ya mama yako.

Unanijua, mimi ni mtu wa watu. Tangu nilipopanda huku juu na shoka langu na jembe langu kuja kukaa kwao mke, kama desturi yetu ilivyo, hakuna baraza nisiloitwa. Hata Bwana Shauri wa boma alipopita kutazama mahali pa kuweka yale mabomba ya maji wanayotuahidi, aliuliza yule mwenye sauti kubwa ni nani. Ni mimi. Basi sauti hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe wangu, jina lake silitaji, ana kaka yake, Mzee Barnaba, ambaye ndiye mjomba mkubwa wa ukoo huu. Yeye anasema nani akae na nani aondoke. Kiangazi cha mwaka jana Mzee Barnaba alikuwa anakandika nyumba mpya. Maji ya kukandia udongo yakamwishia. Akaingia uani kwa dada yake, akachukua mtungi uliojaa, akaumwaga kwenye udongo. Hakuomba, alijiona ni mkubwa. Na wewe dada umefika huku, unajua maji ya huku. Mwanamke anateremka bondeni alfajiri, anangoja kisima kidogo kijichuje, ndipo apande genge lile na mtungi kichwani mpaka jua limsimamie. Mama mkwe akarudi shambani, akakuta mtungi mtupu. Akamwambia kaka yake mbele za watu kwamba tangu azaliwe hajawahi kupandisha hata kibuyu kimoja. Mzee Barnaba akasema basi, kuanzia leo tusiamkiane. Wakanyamaziana mwaka mzima, na wote wawili ni Wakristo, wana wa wale waliobatizwa zamani.

Padri akahubiri juu ya mtu anayefika altareni na sadaka yake huku amemwacha ndugu yake nyuma na kinyongo. Baada ya hapo akawaambia wao wawili wazi kwamba Komunyo hawatapewa mpaka waamkiane, na Krismasi inakuja. Wazee wa kanisa wakahangaika. Nani atawaendea? Dada, nilisimama. Nikawaambia niachieni mimi, mimi niliyewapatanisha Wayao na Wamakua pale mnadani Masasi kwa neno moja, fimbo zikiwa zimekwisha kuinuliwa. Wewe ulikuwepo siku ile. Fimbo hazikuwa nyingi, lakini zilikuwepo.

Nikaenda kwa mama mkwe. Unajua heshima ya ukwe. Simtazami usoni, sili naye, na nikimwona njiani naingia porini mpaka apite. Kwa hiyo yeye alikaa ndani ya ua wa mianzi, mimi nje nimeupa ua mgongo. Nikasema sana. Akanijibu kwamba kaka yake akitaka salamu aje na mtungi kichwani. Nikaenda kwa Mzee Barnaba, nikasema mara mbili ya pale. Akaendelea kusuka mkeka wake.

Ningerudi kwa wazee niseme nimeshindwa? Mimi? Nilirudi uani, nikamwambia mama mkwe kwamba kaka yake amelia mbele yangu, hata ugali umemkaa kooni. Halafu nikasikia anavuta pumzi, na moyo wangu ukafurahi, nikaona dawa imeingia. Nikakimbilia kwa Mzee Barnaba kumpa na yeye dozi yake. Nikamwambia dada yake analia mchana kutwa, nimemwona kwa macho haya mawili, machozi yanamdondoka mpaka kwenye kanga.

Mkono wake ukasimama kwenye mkeka. Nikadhani amelainika.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mzee."

"Uso wake?"

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Dada, mlango ulifungwa na ufunguo nikaumeza. Nikisema nilimwona, nimemtazama mama mkwe usoni akilia, ni kama nimemvua nguo, nitafukuzwa. Nikisema sikumwona, machozi ni uongo na amani ndiyo basi, nitafukuzwa vilevile. Na mtu akifukuzwa huku anaondoka na shoka lake tu. Watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mikorosho yangu, ile niliyoipanda na kuipalilia mpaka imeanza kuzaa, mikorosho haibebwi begani. Nikasema tumbo linanisokota, nikaondoka.

Jumapili baada ya Misa waliniita barazani kwa Mzee Barnaba, chini ya ukuta uleule uliokandikwa kwa maji yale. Padri alikuwepo, wazee walikuwepo, na mama mkwe alikuwa nyuma ya ua na wanawake wenzake. Nikaanza habari kutoka mbali kidogo, ya Masasi, ili mioyo ipoe. Mzee Barnaba akanikata akasema Masasi tutafika jioni, sasa tuko Chilangala, ulimwona au hukumwona? Nikamtafuta Agnesi kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, amembeba mtoto wetu mdogo. Nikasema sikumwona.

"Basi dada yangu hakulia," akasema Mzee Barnaba.

Sauti ikatoka nyuma ya ua. "Mimi nilie, nimlilie nani? Uliyelia ni wewe, ukashindwa hata kumeza ugali."

"Nani kalia?"

"Wewe. Mkwe kaniambia."

"Mkwe gani?"

"Tuna wangapi wenye mdomo huo?"

Dada, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mwaka jana. Wakaanza kupimiana uongo wangu, huyu anatoa wake, yule anatoa wake, kama watu wanaolinganisha nguo walizopewa. Wanawake wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Katikati ya kicheko kile Mzee Barnaba akasema, taratibu sana, kwamba yale maji ilifaa ayaombe. Mama mkwe akajibu kwamba angeomba, angempa. Wakaamkiana kupitia ua. Yamekwisha.

Nami kwa ujinga wangu nikamwambia padri, unaona, kazi yangu imezaa. Padri hakucheka. Akaniambia, "Kila mmoja ulimpatanisha na mtu ambaye hayupo. Mungu anakuagiza umpende ndugu yako huyu aliyepo, mwenye kiburi chake, asiyetaka kulia."

Ukoo ukakata shauri. Nitamchotea mama mkwe maji bondeni, kwa kichwa, pamoja na wanawake, mpaka mvua za Krismasi. Na nikikutwa nimetia chumvi katika neno lolote, kwa mtu yeyote, nachukua shoka langu. Komunyo sasa nimezuiwa mimi. Wao wawili watapiga magoti bega kwa bega, mimi nitakuwa nyuma kwenye mlango na wale wasiobatizwa bado.

Kwa hiyo nateremka genge na kupanda, ngata ya majani kichwani, shingo imezama mabegani. Wanawake walinicheka siku za kwanza, sasa wamenisahau, wanazungumza kama sipo. Mtu asiyeruhusiwa kusema anasikia mengi. Nilimsikia Agnesi akimwonyesha mwenzake jiwe moja, akasema pale ndipo alipoanguka na mtungi, akampoteza mtoto wetu wa kwanza. Dada, miaka yote nimewaambia watu kwamba mtoto yule alirogwa, nikataja mpaka bundi aliyekuja. Agnesi hakunikanusha hata siku moja. Na mimi sikupata kumwuliza. Nilipanda nyuma yake siku ile na mtungi wangu, nikaona jinsi anavyoweka mguu akilifikia jiwe lile.

Jana nilitua maji nje ya ua, nikageuza mgongo kama kawaida. Mama mkwe akaniuliza, sauti ya chini wasisikie wengine: "Mkwe, ulisema kaka yangu alilia namna gani?"

Dada, ningeweza. Mdomo wangu ulikwisha kujaa. Ningemliza Mzee Barnaba pale nje mpaka mama wa watu akashiba. Sikujua kama alikuwa ananipima ili nichukue shoka, au alitaka kweli kuyasikia tena yale maneno. Mpaka sasa sijui.

Nikasema, "Mama, hakulia."

Akautwaa mtungi. Kisha nikasikia maji yakimiminwa ndani ya mtungi wake, polepole, mpaka yakaisha. Akasema, "Haya. Kesho uwahi, kisima kinakauka."

Ndiyo sababu nakuandikia. Wamesema kesi ya mkwe haifungwi bila mtu wa kwao kusimama na kusema tumesikia. Mimi sina mwingine. Njoo kabla ya Krismasi, uje na kuku, usimame barazani. Ukiulizwa juu yangu sema ulijualo, usinipunguzie. Wakikuuliza habari ya mnadani, dada, sema fimbo zilikuwa ngapi.

Msalimie shemeji, baba Filipo, mwambie jembe lake halijapotea. Msalimie shangazi mlemavu wa mguu, na yule jirani mpiga kengele wa kanisa. Filipo, mpwa wangu, nakuamkia wewe uliyesoma sauti ya mjomba wako kwa mdomo wako.

Kalamu naiweka chini, maana wanawake wanaita, wanateremka.

Ni mimi mdogo wako,
Danieli, ambaye bado yuko Chilangala