Hodi Tuliyoinyamazia

Nyumba yenye mlango wa kijani,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, tarehe tisa.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Vipi kazi, na ule mgongo umepona au bado unaufunga mkanda kama gunia? Sisi tu wazima. Mama nyonga inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anatembea na kugombana na kila mtu, kwa hiyo hajambo kabisa.

Barua yako nimeisoma. Unasema nilipe kodi ya jengo kimya kimya, na nikishindwa nipangishe chumba cha Mama, yeye ahamie kwa binamu. Kaka, nakuheshimu, wewe ndiye mkubwa wangu. Lakini hilo sitaki, na sitaki kulisikia tena.

Naona umesikia nusu ya habari. Sheria inasema anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza anasamehewa kodi hiyo miaka ya mwanzo, mradi aishi humo mwenyewe. Mimi nimenunua, na naishi humo. Halmashauri ikamtuma mkaguzi aje kuthibitisha.

Sasa cheka. Nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, Mama anasikiliza redio. Tukasikia hodi, ile hodi nzito ya mtu mwenye mafaili. Bila hata kutazamana, Mama akazima redio. Mguu wangu ukaganda juu ya pedali. Nikachutama nyuma ya kabati, mimi mtu mzima mwenye mvi, nimebana pumzi ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Unaijua hodi hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuingia chini ya kitanda mwenye nyumba akija kudai pango. Tumepanga miaka mingi mno, na mazoea yana taabu.

Mkaguzi akabisha, akachoka, akaandika kwamba nyumba haina mtu. Msamaha ukakataliwa.

Nikawafuata ofisini. Karani hakuinua hata macho. "Mama, kama mlikuwamo, mbona hamkufungua?" Foleni nzima ikanigeukia. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ikashinda. Nikamjibu kwa sauti, "Kwa sababu maisha yetu yote mtu akibisha vile amekuja kututoa! Tungejuaje kuwa safari hii amekuja kutupa haki yetu?" Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwambie!" Hapo karani akaikumbuka kalamu yake, akaandika malalamiko yangu. Akasema mkaguzi atarudi, ila siku hakuitaja.

Basi Mama akahamishia kiti chake mlangoni. Nikamwambia atapigwa na baridi. "Niache," akasema. "Nimejificha vya kutosha." Redio akaifungulia mpaka jirani akalalamika, Mama akamwambia aje achukue pamba za masikio. Alhamisi mkaguzi alipofika hakuwahi hata kubisha. Mama alishasimama, fimbo mkononi. "Karibu, baba. Vua viatu, hapa pamepigwa deki." Akamzungusha kila chumba, mpaka chooni. Mwisho akamwingiza chumbani kwake, akaketi kitandani na kupigapiga godoro. "Hapa nalala mimi. Andika."

Akaandika. Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikaingia jikoni kulia.

Uamuzi bado haujatoka. Wakikubali, tutamshukuru Mungu. Wakikataa nitakata rufaa, na rufaa ikishindikana nitarudi kwenye dirisha la yule karani mpaka akinisikia nakohoa ajue ni mimi. Chumba cha Mama hakipangishwi. Sitambishia mtu mlango nikidai pango huku mama yangu amelazwa mkekani kwa binamu, tena mkeka wa kuazima.

Msalimie sana wifi yangu, na wale mapacha waambie shangazi yao anawashonea kaptura, waache kukua kwanza. Mpe pole jirani yako fundi baiskeli kwa ule mguu. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote.

Na siku utakayokuja, usije ukazunguka dirishani kunong'ona kama zamani. Bisha kwa nguvu, Kaka. Tutafungua.

Akupendaye siku zote,
Dada yako, mwenye nyumba.