Shingo Mbili za Tumbo Moja

Tarehe 6 Februari

Pacha wangu Mrembo,

Uhali gani huko ng'ambo, na mabega yanaendeleaje na hiyo kazi ya kukanda mikate ya hoteli nzima? Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu, cherehani peke yake ndiyo inayokohoa. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu sisi tukipigiana tunagombana kabla salio halijaisha.

Barua yako niliisomea dukani, shati la mteja likiwa mapajani. Unasema na wewe shingo imeanza kuvimba, umejiona kwenye kioo cha kazini ukashtuka. Nisikufiche, kabla sijakuonea huruma nilicheka. Tangu darasa la sita rovu lilinitoka mimi peke yangu. Tuna sura moja, sauti moja, hata mwandiko walimu walikuwa hawautofautishi, lakini shingo ndiyo iliyotutenga: wewe Mrembo, mimi Shingo. Mpaka leo nina miaka arobaini na tatu na wajukuu wa jirani wananiita Bi Shingo. Basi nilipoona na wewe limekufika nikasema afadhali, sasa tumekuwa pacha kweli. Nisamehe, unanijua nilivyo.

Langu nimelipima leo kwa futi ya dukani, inchi kumi na saba kasoro kidogo. Hiyo ni kola ya mwanamume mnene. Nikilala chali napumua kwa shida, kwa hiyo nimekwenda hospitali ya serikali. Unakumbuka huku matibabu ni ya wote, hulipi kitu, kondakta na mkurugenzi wanakaa benchi moja. Ila hilo benchi sasa. Nilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili. Mama aliyekaa kushoto kwangu alifuma soksi nzima ya mtoto, akaanza ya pili, ndipo nikaitwa.

Daktari ni mpole, alinishika shingo kama anayechagua embe, akaniambia ni kubwa lakini halina ubaya, akaniandikisha orodha ya upasuaji. Miezi saba. Nikamwuliza na nikikabwa kabla ya hapo je? Akasema nikizidiwa nije siku yoyote. Mimi nimebeba mzigo huu miaka thelathini na kitu, bado naambiwa sina haraka.

Niambie huko kwako wanasemaje.

Ni mimi pacha wako,
Shingo

Tarehe 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Umeamkaje, na pumzi je? Lala na mito miwili, inasaidia. Mimi namshukuru Mungu, nakuandikia nikiwa kitandani na plasta shingoni.

Ndiyo, wameshanipasua. Nilipiga simu Jumatatu, Jumatano nikaonwa, baada ya wiki mbili nikaingia chumba cha upasuaji. Huku hakuna cha wote, kila mtu na bima yake, na yangu inatoka kazini. Dada, ungeona. Chumba changu peke yangu, pazia la maua, karatasi ya kuchagua chakula, na mito ya aina tatu, mtu anakuuliza unataka mgumu, laini au wa katikati. Daktari alinipa mkono na kuniuliza nasikia hofu gani. Wametoa upande mmoja tu wa tezi. Mshono ni mwembamba, wewe fundi ungeusifu.

Lakini nikwambie na jingine. Kabla mtu hajanigusa waliomba kadi. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo, anakohoa. Kadi yake ikakataa. Karani akairudisha kwa vidole viwili, yule mama akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu, akatoka nje. Hakuna aliyemtazama, mimi pia sikumtazama. Nilikuwa naomba yangu ikubali.

Sasa kampuni ya bima inataka kuhakikisha ugonjwa ulianza baada ya mimi kuajiriwa. Ukianza zamani hawalipi. Waliposikia nina pacha wakasema watamtumia fomu, maana pacha ndiye anayejua. Jibu tu kama ilivyokuwa, kwamba la kwangu ni la juzi.

Nimeweka picha ya shingo ndani ya bahasha.

Mdogo wako wa dakika kumi,
Mrembo

Tarehe 21 Machi

Mrembo,

Salamu nyingi. Hatujambo.

Picha nimeiona. Shingo imerudi kuwa ile ile, hongera. Mume wangu aliitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema umependeza.

Mito ya aina tatu. Mimi wiki iliyopita nilikwenda kupimwa damu, nikasimama tangu hospitali inafunguliwa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika dirishani mashine imeharibika, njoo kesho. Kesho yake nikarudi na kiti changu cha dukani. Watu walinicheka, saa moja baadaye wananiomba wakalie kwa zamu. Ndiyo hospitali ya wote hiyo, mpaka kiti unakwenda nacho.

Fomu imefika, nimeijaza na kuirudisha. Usiwe na wasiwasi.

Shingo

Tarehe 9 Mei

Pacha wangu,

Je, u mzima? Wiki saba sijapata neno lako. Nimeuliza posta, wanasema barua zinafika kama kawaida. Simu yako inaita tu.

Labda umehama chumba. Labda hoteli imejaa wageni. Mimi naendelea na mashati ya shule, msimu umeanza. Shingo yangu imeongezeka nusu inchi. Nilifikiri utataka kujua.

Niandikie hata mistari miwili.

Dada yako

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali kwa sababu naogopa jibu.

Binamu yetu amenipigia. Anasema amesikia kwamba kile kipande walichokukata kilipimwa wakakuta kina saratani, na upande uliobaki unatakiwa utolewe upesi. Na kwamba bima imekataa kulipia upasuaji wa kwanza na wa pili, kwa sababu imethibitika ulikuwa na ugonjwa tangu utoto. Binamu anashangaa nani aliwaambia hivyo.

Niliwaambia mimi. Fomu iliuliza kama mgonjwa alikuwa na uvimbe kabla ya kuajiriwa. Nikaandika ndiyo, tangu darasa la sita, sote wawili. Niliandika kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini ya sote wawili. Kisha nikailamba bahasha nikaenda kununua vifungo.

Unajua na mimi najua kwamba ulikuwa huna kitu. Sikufikiria pesa wala saratani, sikuwa najua kuna saratani. Nilifikiria ile mito. Nilifikiria umevimba mwezi mmoja tu, hata jina hawajakupa, ukaondolewa kwa wiki mbili, na mimi nimevimba maisha yangu yote naambiwa nisubiri. Nilitaka angalau kwenye karatasi ya mtu mmoja ofisini sisi tuwe sawa. Wivu ulinishika koo kuliko hili rovu.

Nimewaandikia kampuni ukweli wote na kuweka sahihi. Nitakwenda popote watakaponiita. Tukana, lakini jibu.

Dada yako mwenye makosa

Tarehe 30 Julai

Dada,

Natumaini unapumua. Mimi nipo, nafanya kazi, nikimeza nasikia kama nimemeza kifungo.

Hukuwa na haja ya kuniambia. Mwezi wa nne kampuni ilinipa nakala ya fomu yako, na mwandiko wako nautambua, ndio wangu. Nilikaa nayo ghala la unga, juu ya gunia, nikasoma ule mstari uliopiga chini. Ndiyo maana nimenyamaza. Kila nilipokaa kukuandikia nilikuwa naandika neno moja, na neno lenyewe siwezi kumwandikia mtoto wa mama yangu.

Barua yako ya pili wameipata. Wamesema ndugu akibadili maneno wao wanashika yale ya kwanza. Nilikwenda mwenyewe kuwabembeleza. Karani aliniambia pole kwa sauti nzuri kabisa, akanirudishia karatasi kwa vidole viwili. Nilifunga zipu ya mkoba wangu nikatoka. Daktari yule aliyenipa mkono sasa hapokei simu yangu, anapokea msaidizi wake, na msaidizi anauliza nitalipaje.

Nami nikuambie langu. Unadhani wivu ulikuwa upande wako peke yake. Mama alikuwa akikupaka mafuta shingoni kila jioni, anakusugua polepole na kukuimbia, mimi naangalia kutoka mlangoni. Siku moja nilijifunga kitambaa nikajaza pamba ndani ili na mimi nivimbe. Alinichapa kwa kukudhihaki. Sikuwa nakudhihaki. Na sasa hivi nakuonea wivu tena, kwa lile benchi lako. Benchi la siku nzima, lakini hakuna anayeinuliwa akaambiwa kadi yako imekataa.

Hasira bado ninayo. Usinihimize iishe.

Mrembo

Tarehe 18 Agosti

Mdogo wangu,

Pokea salamu, na tiketi iliyo ndani ya bahasha hii. Usiulize nimeipataje, mashati ya shule yamenisaidia.

Nimekwenda kwa daktari wangu. Siku yangu ya upasuaji imetoka, tarehe kumi na moja Septemba. Nikamwambia nafasi hiyo ampe pacha wangu. Akavua miwani akaniambia orodha si kiti cha basi, huinuki ukampisha unayemtaka. Kisha akauliza huyo pacha ana nini, nikamtolea karatasi za maabara ulizomtumia binamu, naye akaniletea. Akazisoma akiwa amesimama. Akasema hapa hawahesabu nani amekaa sana, wanahesabu nani ataumia akisubiri, na mwenye karatasi kama hizi anatangulia. Raia ni raia hata akitoka wapi, mlete.

Halafu akaniambia, tukimwingiza yeye kuna mmoja atasogezwa, na katika watu wanne wa siku hiyo wewe ndiye mwenye afya kuliko wote. Mwenye afya, mimi, na hili begi shingoni. Alitaka nisikie kutoka kwake mapema. Nikasema nisogeze. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza mara mbili, na mara ya pili nilichelewa kidogo kujibu. Nakwambia usije ukanidhania mtakatifu.

Njoo na hasira yako, chumba kipo cha kuiweka. Mto ni wa aina moja.

Dada yako

Tarehe 11 Septemba, hospitali

Pacha wangu,

Hii haina stempu, muuguzi atakuwekea mezani uione ukizinduka. Siku kumi umekaa nyumbani kwangu, umekula kwangu, na maneno tuliyoongea ni chumvi iko wapi na taulo langu lipi. Sikulalamika. Basi nakuandikia, naona kwa kalamu ndiyo tunaelewana.

Wamekuingiza saa tatu. Wodi ina vitanda ishirini, pazia limechanika, unajionea mwenyewe. Walipokupitisha kwenye korido hukunitazama, ila mkono uliutoa nje ya shuka nikaushika mpaka mlangoni. Mlango ulipofungwa, jambo la kwanza nililosikia ni wivu. Miezi saba nilikuwa nauota mlango ule. Mimi wamenipa Februari.

Nilikaa. Baadaye kidogo muuguzi mwingine akatoka kwenye kona, akaniona, akaangusha trei. Alidhani ni wewe, umetoroka katikati ya upasuaji. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa, halafu nikashindwa kunyamaza na si kicheko tena. Mama mmoja nisiyemjua akanishika goti. Akauliza ni nani yako humo ndani, nikasema ni mtu niliyemfanyia ubaya. Akasogea nipate nafasi zaidi.

Sasa ni saa saba, bado hawajatoka. Daktari alisema saa mbili tu, zimepita nne. Nimemwuliza karani, anasema wakimaliza wataniita. Sikuombi unisamehe leo, una koo bichi. Kaa na hasira yako, nayo ni haki yako, lakini toka nayo humo ndani ukiwa hai. Uwe na shingo nzuri, watu wakusifu, mume wangu akuangalie, wauguzi wakupende kuliko mimi. Nitanuna kila siku.

Toka tu, mdogo wangu. Ukinifia humo, nitamwonea wivu nani?

Dada yako wa dakika kumi,
niko hapa nje