Upande wa Kushoto wa Picha

Karakana ya Fremu,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda.
Jumapili, 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko, na kile kifua chako kimetulia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima wa kutembea. Usingizi tu ndio umenikimbia.

Najua umezoea barua zangu za kulalamika. Tangu uondoke kila kitu ni mimi: paa, kaburi la mama, mdogo wetu. Leo silalamiki. Naogopa, kaka. Ningepiga simu, ningeishia kulia.

Jana wachoraji wa mtaa walifungua vyumba vyao vya kazi, watu wapite watazame. Waamuzi tulikuwa watatu: mimi, mwalimu wa sanaa na mwenye hoteli. Nadhani mimi walinitaka kwa ajili ya fremu za bure. Nilikwenda na futi kamba yangu, wakacheka.

Chumba cha mdogo wetu kilifurika. Picha za zamani alizitundika mlangoni, za sasa dirishani. Zile za zamani unazijua, rangi mpaka ukingoni. Nilipofika katikati ya ukuta nikaona kitambaa cha picha kinabaki cheupe upande wa kushoto, upana wa kidole. Mbele kidogo, kiganja. Ya mwisho, ya mshona viatu, ni nusu mtu: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja wenye sindano, basi.

Mwalimu alifumba macho kwa raha. "Huu utupu unazungumza!"

"Unasema nini?" nikamuuliza. "Mimi naona sikio halipo."

Mdogo wetu akaangua kicheko. "Jamani, msimsikilize dada. Yeye sanaa anaipima kwa mbao."

"Haya, sikio la pili liko wapi?"

Akaitazama picha, akagusa sikio lile lile moja. "Si hilo hapo?"

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni utani.

Unakumbuka mama? Alikuwa anakula upande wa kulia wa sahani, kisha anauliza mbona tunampunja. Tukiigeuza sahani, anakula tena. Tulicheka sana siku zile. Mvua zilizofuata hazikumkuta.

Zawadi ya kwanza walimpa mdogo wetu, wawili kwa mmoja. Aliyekataa ni mimi, na sasa mtaa mzima unasema dada mtu ana wivu. Nilipomwambia twende hospitali, akanijibu, "Hata siku yangu moja, dada, huwezi kuniachia?"

Wageni walipoondoka alisimama mlangoni na zawadi yake, akiangaza huku na huku. "Jamani, dada ndio ameshaenda?"

Nilikuwa kushoto kwake, bega kwa bega.

Kaka, mimi hanisikii. Nimemkosoa tangu akiwa mtoto. Wewe ndiye unayemsifu siku zote, atakusikia. Mpigie ukimaliza kusoma hapa, kabla ya kuikunja barua. Usimtishe. Mwambie tu unataka aonwe na daktari, na kwamba dada yake atakuja kumchukua, atapita upande wa kulia.

Nisalimie wifi, yule mpwa wangu Bingwa wa Maswali, na shangazi akifika kwenu. Mungu akutunze huko uliko, na mdogo wetu amwachie dunia yake nzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa sisemi mara nyingi,

Fundi Fremu