Mwalimu wa Wanaosoma Polepole

Mwaka umetimia, Mama Jackline, tangu asubuhi ile ya Julai uliposema kichwa kinauma, ukaomba maji ya moto, na kabla maji hayajachemka ukawa umetuacha. Watu wananiambia siku zinakimbia. Kwangu haikukimbia hata moja. Zote zimepita kwa miguu, na mzigo kichwani.

Haya nayasema mimi, mumeo, Vitus Kalinga. Anayeandika ni mdogo wako Faustina, aliyetoka Soweto, Mbeya, kuja huku Igowole kwa ajili ya misa yako. Ameshanikemea mara mbili kwamba naongea mno, kumbukumbu za gazetini huwa fupi. Nimemwambia, shemeji, wewe andika tu, wenye gazeti wakitaka watakata.

Ulikuwa mpole, lakini mpole mwenye maneno. Baridi ya Igowole ulisema haina adabu, inaingia ndani bila hodi. Ugali wetu uliula kwa kutuheshimu tu, moyo wako uko kwenye ndizi za kwenu. Mama yangu, Bi Yusta, akikusalimia "kamwene," ulimjibu vizuri kabisa, halafu ukamalizia na "ndaga," asante yako ya Kinyakyusa, mkacheka ninyi wawili mpaka mkashika ukuta. Siku hizi mama akianza kucheka anakatisha mwenyewe.

Kila Jumamosi ulipokea watoto hapa nyumbani, wale ambao shuleni wanaitwa wazito. Neno hilo ulilichukia. "Zito ni gunia," ulisema. "Mtoto huyu ana akili zake timamu, herufi ndizo zinamchezea." Ulikuja karakana kwangu ukachota vumbi la mbao, ukalitandaza kwenye sinia, watoto wakachora herufi kwa kidole huku wanaitamka kila moja. Uliniagiza nikukatie vipande vya plywood, nikavitoboa kidirisha chembamba, ili mtoto aone mstari mmoja tu na mingine isimrukie machoni. Nami nilinung'unika, nisiseme uongo. Nilisema Jumamosi mtu anataka kupumzika, nyumba imejaa ba, be, bi, utadhani zizi la kondoo. Ulinicheka, ukaniagiza vidirisha vingine vinne.

Kisha ikaonekana kwamba na Jackline wetu ni mmoja wao. Alikuwa darasa la pili. Alisimama sebuleni akasoma ukurasa mzima bila kukwama, mimi nikapiga makofi. Wewe ukafunika maneno kwa kiganja chako, na mtoto akaendelea kusoma! 

"Baba Jackline," ukaniambia, "hajasoma huyu. Amekariri. Amewasikia wenzake."

Nilimchapa, Mungu anisamehe. Nilimwita mvivu na mwongo. Ulininyang'anya fimbo, ukanitazama muda mrefu, ukasema kiboko hakijawahi kumfundisha mtu herufi. Nilidhani unamsemea mtoto peke yake.

Tulipokuzika, kila kitu kiliniangukia: karakana, kuni, mama mgonjwa wa miguu, na mtoto. Jioni Jackline alileta kitabu, akanisomea moja kwa moja kama maji, nami nilijua kwamba anakariri. Nilijua kabisa. Nikasema, "Safi, kalale." Miezi minane hiyo, Mama Jackline. Nilikuwa nimechoka, na uchovu huo ndio ninaouungama kwako leo mbele ya watu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwalimu mkuu akaniita. Akasema mtoto kusoma hajui, na kama mwaka utaisha hivi hivi, atakariri darasa la tatu, alirudie lote. Ona hilo neno la shule lilivyo: aliyekariri kitabu naye atakariri darasa. Nilirudi nyumbani. Nikashusha sinia lako juu ya kabati, nikampa kidirisha chake, nikamwambia asome mimi nasikiliza. Akikwama ananiuliza, nami namwambia jaribu tena. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumpa. Alijaribu peke yake, maskini, herufi kwa herufi, mpaka kidole kikawa cheusi.

Jumamosi iliyopita tulikusimikia msalaba. Niliuchonga mwenyewe kwa mninga, wiki mbili, na jina lako nikalichimba kwa patasi kwa herufi kubwa. Ndugu waliusifu. Katekista Marcelino akainama, akasoma kwa sauti, "Yudith Kalinga, pumzika kwa amani," watu wote wakaitikia amina. Hapo Jackline akasogea, akaweka kidole kwenye jina.

"Y, u, yu," akaanza.

Shangazi yake Eveline akamwambia atoke, watu wanasubiri kwenda kula. Hakutoka. Akarudia tangu mwanzo, halafu akageuka.

"Baba, hapa herufi imekimbia. Umeandika Yudtih."

Tukasogea kuangalia. Lo! Ilikuwa kweli. Watu wazima zaidi ya hamsini, na katekista wetu akiwemo, tulikuwa tumelisoma jina lililo vichwani mwetu. Mtoto peke yake ndiye aliyesoma lililo kwenye mbao.

Watu walinitetea haraka. Ni majonzi, walisema. Fundi alikuwa analia huku anachonga, angeonaje? Ingekuwa rahisi kukubali. Lakini nilimwona mtoto amejikunyata akidhani amefanya kosa, anaangalia mikono yangu. Nikashindwa kuendelea kujificha.

"Si majonzi," nikasema. "Mimi kusoma kulinishinda tangu mdogo. Nilikariri darasa la tatu mara mbili, nikachapwa, nikakimbia shule nikashika randa. Jackline hana uvivu wowote. Hili amelitoa kwangu."

Kisha mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kwa ajili ya miguu yake, akasema taratibu, "Na mimi ndiye niliyekuchapa, mwanangu." Akajifunika uso kwa khanga.

Ndipo nilipokumbuka barua. Barua yoyote ikija, nilikuwa nasema macho yangu yana vumbi la mbao. Nawe ulikuwa unasema, "Lete nijisomee mwenyewe," halafu unasoma kwa sauti nyumba nzima isikie, polepole, ukirudia palipo muhimu. Miaka kumi na miwili. Hakuna mtu anayejisomea hivyo, Mwalimu. Ulijua. Ulijua tangu mwanzo, na hukuniaibisha hata siku moja, na mimi nikamchapa mtoto wako kwa ugonjwa wangu mwenyewe. Faustina ananiambia si ugonjwa, ni namna tu ambavyo wengine wameumbwa, na kwamba wewe ungenirekebisha papo hapo. Basi nimerekebishwa.

Msalaba nitauchonga upya, na safari hii Jackline ataukagua kabla haujatoka karakana. Mwalimu mkuu nimemfuata nikamweleza yote. Amesema atafikiria, na sitaki kukudanganya kwamba nina matumaini makubwa, wala nguvu nyingi. Lakini kila jioni sasa tunakaa wawili, na kitabu ni cha darasa la kwanza, kwa sababu yangu. Tumefika ukurasa wa kumi na moja. Nikikwama, Jackline hacheki wala hanitajii neno. Anaweka kidole chake karibu na changu, ananisubiri.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Vitus. Binti yako Jackline. Mkweo Bi Yusta. Mdogo wako Faustina na nyumba yote ya Soweto. Wifi yako Eveline na ukoo wa Kalinga. Pamoja na watoto wako wa Jumamosi, ambao bado wanakuja kuuliza kama mlango uko wazi.

Uko wazi, Mama Jackline. Kukusahau hatukuweza mwaka huu, na hatutaweza kamwe.