Asha Amerudi Shule

Newala, Jumanne.

Si nilisema! Mpwa wangu Asha, aliyekimbia vita Msumbiji, leo amerudi shule. Wiki nzima aligoma kwa sababu wenzake wanamwita mkimbizi. Niliogopa ataacha kabisa, kama mimi nilivyoishia darasa la pili.

Mwalimu alimbembeleza akashindwa. Ikabidi niingie mimi, niliyewahi kumfukuza simba kwa maneno matupu. Nikamwambia: "Mwanangu, hao wenzako Wayao ni watani zetu. Usilie, watanie!"

Basi leo walipoanza, akawajibu, "Mimi nilikimbia mabomu, nyie mnakimbia kuoga!" Darasa zima hoi!

Jioni kaja na wasichana wawili wa Kiyao, wamembebea ndoo ya maji.

Mmoja wao akaniuliza, "Shikamoo Mjomba. Eti huyo simba wako alikuwaje?"

Asha akadakia, "Alikuwa paka."

Paka! Mimi! Acha anitanie, mradi kesho anakwenda tena.